Ohio State Ilichukua Msimu, Iowa Ikachukua Mtoano: Kisa cha Big Ten, 2023-24

Mwezi Machi 2024, konferensi ya Big Ten ya vyuo vikuu vya Marekani ilijikuta na mabingwa wawili wa mpira wa kikapu wa wanawake katika msimu mmoja. Ohio State iliongoza msimamo baada ya kushinda michezo 16 na kupoteza 2. Iowa, iliyomaliza nyuma yake kwa kushinda 15 na kupoteza 3, ilitwaa kombe la mtoano mjini Minneapolis siku chache baadaye. Tuzo ya kocha bora ikaenda Ohio State, na ya mchezaji bora ikaenda Iowa. Msomaji aliyezoea ligi ya soka ya Tanzania au Kenya, ambako anayeongoza msimamo siku ya mwisho ndiye bingwa na kombe la mtoano ni shindano jingine lenye jina lake, anaweza kudhani kwamba hapa pana mvurugano. Mvurugano haupo, ila lipo swali la haki: kati ya timu hizi mbili, ni ipi hasa iliyokuwa bora katika Big Ten mwaka ule? Hoja yangu ni kwamba taji la msimamo lilikuwa gumu zaidi kulipata, lakini utaratibu mzima umejengwa ili taji la mtoano libebe uzito mkubwa zaidi, na kwamba msimu ule Iowa iliustahili uzito huo kwa sababu ambazo hesabu za msimamo peke yake hazikuweza kuzionyesha.

Konferensi, katika michezo ya vyuo vya Marekani, ni muungano wa vyuo vikuu vinavyokubaliana kucheza wao kwa wao, kugawana mapato ya televisheni na kusimamiwa na ofisi moja. Big Ten iliasisiwa mwaka 1896, na licha ya jina lake linalotaja kumi, ilikuwa na wanachama 14 katika msimu tunaouzungumzia, kuanzia Nebraska upande wa magharibi hadi Rutgers na Maryland upande wa mashariki. Wachezaji ni wanafunzi, na muda wao wa kuchezea chuo una ukomo wa miaka, kwa hiyo kila msimu unaoisha huondoka na sehemu ya kikosi.

Ratiba ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo watu huipita haraka mno. Kila timu ilikuwa na wapinzani 13 lakini michezo 18 tu ya konferensi, maana yake ilikutana na watano mara mbili, nyumbani na ugenini, na wanane waliobaki mara moja moja. Hakuna timu mbili zilizokuwa na safari inayofanana kabisa. Iowa ilipangiwa kucheza mara mbili na Ohio State, Indiana na Nebraska, pamoja na Minnesota na Wisconsin. Timu tatu za kwanza katika orodha hiyo zilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi katika konferensi, na hizo ndizo pekee zilizoifunga Iowa: Ohio State kwa 100-92 tarehe 21 Januari, Nebraska kwa 82-79 tarehe 11 Februari, na Indiana kwa 86-69 tarehe 22 Februari. Mara zote tatu Iowa ilikuwa ugenini. Ilipozikaribisha timu hizo hizo Iowa City iliifunga kila mojawapo, tena Indiana ilichapwa 84-57 na Nebraska 92-73.

Tukiangalia timu tatu za juu kwa pamoja tunaona jambo la kushangaza zaidi. Ohio State ilipoteza mbele ya Michigan mwishoni mwa Desemba na mbele ya Iowa mwanzoni mwa Machi, zote ugenini. Indiana, iliyomaliza na hesabu sawa na ya Iowa, ilipoteza Iowa City, Columbus (kwa Ohio State) na Champaign (kwa Illinois). Michezo minane iliyopotezwa na timu hizo tatu katika konferensi yote ilichezwa kwenye viwanja vya wenyeji. Kwa maneno mengine, hakuna hata moja kati yao iliyofungwa nyumbani na timu ya Big Ten msimu mzima, na tofauti ya nafasi ya kwanza na ya pili ilitegemea kwa kiasi fulani ni nani alitumwa wapi. Silisemi hili ili kuipunguzia Ohio State sifa, kwa kuwa iliwafunga karibu wote waliowekwa mbele yake, ikiwa ni pamoja na ushindi wa 74-69 dhidi ya Indiana tarehe 4 Februari, na baada ya kuteleza kule Michigan ilishinda michezo 15 mfululizo. Nalisema kwa sababu mchezo mmoja wa tofauti, katika ratiba isiyolingana, si ushahidi mzito kama unavyoonekana ukichapishwa kwenye msimamo.

Ohio State ya kocha Kevin McGuff ilijulikana kwa jambo moja kuliko mengine, nalo ni kukaba uwanja mzima. Badala ya kurudi nyuma na kumsubiri mpinzani karibu na kikapu, wachezaji wake walimwandama mwenye mpira tangu pale unapoingizwa uwanjani, wakimlazimisha kupoteza mpira au kuchoka. Jacy Sheldon, mlinzi aliyekuwa mwaka wake wa mwisho, na Celeste Taylor, aliyehamia kutoka Duke, walikuwa injini ya mtindo huo, huku Cotie McMahon akitoa nguvu ya kushambulia kikapu. Ni mtindo unaofaa sana kwa msimu mrefu, hasa dhidi ya timu ambazo hazina walinzi wa kutosha wenye utulivu wa kupitisha mpira katika msongamano. Kwa maoni yangu udhaifu wake hujitokeza pale mpinzani mwenye walinzi wazuri anapofanikiwa kuuvuka ukabaji huo, kwa sababu nyuma yake hubaki nafasi pana na watetezi wachache.

Mchezo wa tarehe 21 Januari mjini Columbus ulionyesha pande zote mbili za timu hii. Caitlin Clark wa Iowa alifunga pointi 45, lakini McMahon alifunga 33 na Ohio State ikashinda katika dakika za nyongeza. Mashabiki walipomiminika uwanjani kushangilia, mmoja wao aligongana na Clark aliyekuwa akikimbilia vyumbani, na tukio hilo lilizungumzwa kwa siku kadhaa kuliko mchezo wenyewe. Ni bahati mbaya, maana ule ulikuwa mchezo bora wa konferensi kabla ya Machi, na ndio uliompa McGuff haki ya kusema kwamba timu yake haikuongoza msimamo kwa kuvizia ratiba nyepesi.

Marudiano yalifanyika Iowa City tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ya msimu wa kawaida. Ohio State iliingia ikiwa na ushindi 16 na kupoteza mmoja, Iowa ikiwa na 14 na kupoteza mitatu, kwa hiyo taji la msimamo lilikuwa limekwisha kupatikana na hakuna matokeo ya siku ile ambayo yangeliondoa Columbus. Hata hivyo si kweli kwamba mchezo haukuwa na uzito. Indiana ilimaliza na 15-3, na kama Iowa ingefungwa ingeshuka hadi 14-4 na kuwa ya tatu. Iliposhinda 93-83 ikalingana na Indiana. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemfunga mwenzake mara moja, kilichofuata ni kulinganisha matokeo yao mbele ya timu iliyoongoza, ambapo Iowa ilikuwa na ushindi mmoja na Indiana haikuwa na wowote. Nafasi ya pili ikaamuliwa hivyo, na pamoja nayo ikaamuliwa njia ya kila timu katika mtoano.

Siku hiyo hiyo Clark alivuka pointi 3,667 za Pete Maravich, aliyeichezea Louisiana State (LSU) kati ya 1967 na 1970, na kuwa mfungaji bora wa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa wanaume na wanawake. Alizipata pointi za kuvuka kwa mitupo huru, muda mfupi kabla ya mapumziko, baada ya McMahon kuadhibiwa kwa kosa la kiufundi. Ilikuwa rekodi ya tatu kuvunjwa katika wiki tatu hivi. Tarehe 15 Februari, dhidi ya Michigan, alikuwa amefunga 49 na kumpita Kelsey Plum, aliyeshikilia rekodi ya wanawake ya NCAA kwa 3,527, na tarehe 28 Februari kule Minnesota akampita Lynette Woodard mwenye 3,649. Rekodi hii ya Woodard inastahili sentensi zaidi ya moja. Woodard aliichezea Kansas kuanzia 1977 hadi 1981, wakati michezo ya wanawake ilipokuwa chini ya AIAW, chama ambacho NCAA ilikiondoa njiani ilipoanza kuandaa mashindano ya wanawake katika msimu wa 1981-82. Pointi zake hazikuingizwa katika vitabu vya NCAA, na kwa miongo minne mfungaji bora wa chuo kikubwa hakuonekana kwenye orodha rasmi. Woodard mwenyewe alikuwepo uwanjani Iowa City siku ya tarehe 3 Machi. Naye Pearl Moore, aliyefunga 4,061 katika enzi hiyo hiyo, nyingi kati yake akiwa Francis Marion, chuo kidogo cha South Carolina, hajafikiwa hata na Clark, aliyemaliza na 3,951. Nani anaitwa bora, kumbe, hutegemea pia ni ofisi gani inayotunza daftari.

Tuzo za konferensi zilitangazwa baada ya msimu wa kawaida na kabla ya mtoano kuanza, na mpangilio huo wa kalenda una maana. Makocha hupiga kura zao na waandishi wa habari hupiga zao, na hutolewa orodha mbili. Clark alitajwa Mchezaji Bora wa Mwaka kwa mara ya tatu mfululizo, baada ya 2022 na 2023. Kwa wastani wa pointi 31.6 na asisti 8.9 kwa mchezo, hapakuwa na hoja ya maana ya kumpa mwingine, ingawa Sheldon na Mackenzie Holmes wa Indiana wangeweza kuchukua tuzo hiyo katika mwaka wa kawaida. McGuff alitajwa Kocha Bora. Kura za ukocha kwa kawaida hufuata msimamo, na za mchezaji hufuata takwimu, na kwa kuwa zote hukusanywa kabla ya mtoano, hakuna kitu kinachotokea kwenye kombe kinachoweza kuzibadilisha. Kama zingepigwa wiki moja baadaye, sina shaka kwamba jina la Lisa Bluder wa Iowa, au la Amy Williams wa Nebraska, lingeandikwa kwenye kura nyingi.

Mtoano ulichezwa katika ukumbi wa Target Center, Minneapolis, kuanzia tarehe 6 hadi 10 Machi. Timu zote 14 zilishiriki, lakini nne za juu zilisubiri hadi robo fainali, na hiyo ndiyo zawadi halisi ya msimamo mzuri: kushinda kombe kwa kucheza michezo mitatu badala ya minne au mitano. Zawadi hiyo ina upande wake wa pili, kwa sababu timu inayosubiri hukutana na iliyokwisha kuuzoea ukumbi na vikapu vyake. Ijumaa tarehe 8 Ohio State iliingia uwanjani dhidi ya Maryland ya kocha Brenda Frese, iliyokuwa ya nane, na ikafungwa 82-61. Haukuwa mchezo wa bahati mbaya ya dakika ya mwisho. Tofauti ya pointi 21 haina kisingizio. Siku hiyo hiyo Indiana, ya tatu, ilitolewa na Michigan kwa 69-56. Kati ya timu tatu zilizokuwa zimetawala miezi miwili ikabaki moja.

Iowa iliichapa Penn State 95-62, kisha Michigan 95-68, na Jumapili ikakutana na Nebraska katika fainali. Nebraska ilikuwa imepangwa ya tano na ilikwisha kuziondoa Purdue, Michigan State na Maryland, ikitegemea Jaz Shelley, mlinzi kutoka Australia, na Alexis Markowski aliyetawala ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia, chini ya kikapu. Hadi mapumziko Clark alikuwa na pointi 4 tu, mitupo yake ya pointi tatu ikigoma yote, na Nebraska ikiongoza kwa 11. Katika kipindi cha pili na dakika za nyongeza alifunga 30, akamaliza na 34 na asisti 12, na Iowa ikashinda 94-89. Alitajwa mchezaji bora wa mashindano. Kwangu mimi nusu ile ya kwanza inaeleza zaidi kuliko ya pili: timu ambayo nyota wake ana pointi 4 kwa dakika 20 na bado haijaachwa mbali kiasi cha kukata tamaa si timu ya mtu mmoja. Hannah Stuelke, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ameifunga Penn State pointi 47 katika mchezo mmoja, na Kate Martin, nahodha, ndio walioishikilia hadi mwenzao alipoamka. Lilikuwa kombe la tatu mfululizo kwa Iowa.

Kuna jambo la kuhesabiwa dhidi ya Iowa, nalo ni uwanja. Minneapolis kwa karatasi ni mahali pasipo mwenyeji, isipokuwa Minnesota, lakini kutoka Iowa ni safari ya gari ya saa chache, na tiketi za mashindano ziliuzwa zote kabla hayajaanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Zaidi ya watu 109,000 waliingia kwa siku tano, na sehemu kubwa yao walivaa nyeusi na manjano. Tukikumbuka kwamba michezo yote minane waliyopoteza wakubwa watatu ilikuwa ugenini, hatuwezi kudai kwamba umati huo haukuwa na mchango. Umati huo, hata hivyo, ulikuwa umejengwa na timu yenyewe. Oktoba 2023 Iowa ilikuwa imeuweka uwanja wa kikapu katikati ya dimba lake la mpira wa miguu wa Kimarekani, Kinnick, na watu 55,646 wakaja kutazama mchezo wa kirafiki dhidi ya DePaul, idadi ambayo mchezo wa kikapu wa wanawake haukuwahi kuifikia.

Mtoano unabeba uzito kwa sababu ya sheria moja. Mashindano ya taifa ya NCAA mwaka ule yalikaribisha timu 68, na nafasi 32 zilitolewa moja kwa moja kwa mabingwa wa konferensi, huku 36 zikigawiwa na kamati. Big Ten iliitoa nafasi yake ya moja kwa moja kwa mshindi wa kombe, si kwa kinara wa msimamo. Kwa konferensi tajiri jambo hili lina athari ndogo, maana timu saba za Big Ten ziliingia mwaka ule na Ohio State ingeitwa kwa vyovyote vile. Kwa konferensi ndogo, kinara wa msimamo anayeteleza siku moja anaweza kubaki nyumbani kabisa. Kwa wakubwa athari huonekana zaidi katika kupangwa: Iowa ilipewa daraja la kwanza katika kundi lake, Ohio State la pili, Indiana la nne.

Matokeo ya taifa yaliegemea upande mmoja. Ohio State iliifunga Maine, kisha ikafungwa na Duke 75-63 katika mzunguko wa pili, tena ikiwa Columbus, kwenye sakafu ambayo hakuna timu ya Big Ten iliyoshinda hapo msimu ule. Indiana ilifika timu 16 bora na kuisumbua South Carolina hadi 79-75. Iowa iliivuka West Virginia kwa taabu, 64-54, ikaichapa Colorado, ikailipizia LSU kisasi cha fainali ya 2023 kwa 94-87, na katika nusu fainali ikaifunga Connecticut 71-69. Fainali ya Cleveland, tarehe 7 Aprili, ilichukuliwa na South Carolina kwa 87-75, timu iliyomaliza msimu bila kufungwa hata mara moja, huku watazamaji wa televisheni wakifikia takriban milioni 18.9.

Anayeitetea Ohio State atasema, na kwa haki, kwamba matokeo ya Machi hayawezi kurudi nyuma na kufuta ya Januari, na kwamba konferensi inapaswa kupimwa kwa michezo yake yenyewe. Nakubali kwamba taji lake ni halali na kwamba McGuff hakupewa tuzo kwa hisani. Ninalolikataa ni dai kwamba msimamo ulionyesha nani alikuwa bora. Timu hizo zilikutana mara mbili na kila moja ikashinda nyumbani, Columbus ikihitaji dakika za nyongeza na Iowa City ikimaliza ndani ya dakika 40. Ratiba ya Iowa iliirudisha mara mbili mbele ya washindani wake wakuu wote. Na walipowekwa katika mazingira ya kutoana, mmoja alianguka mara mbili mapema na mwingine akacheza hadi mchezo wa mwisho wa mwaka.

Mwaka mmoja nyuma hali ilikuwa imefanana kiasi cha kutia shaka kwamba ni bahati tu. Katika 2022-23 Indiana ya kocha Teri Moren iliongoza msimamo kwa 16-2, Iowa ikachukua kombe, kisha Indiana ikatolewa na Miami 70-68 katika mzunguko wa pili wa taifa, nyumbani, wakati Iowa ilifika fainali. Sitaki kujenga kanuni juu ya miaka miwili, hasa kwa kuwa Holmes alikuwa akisumbuliwa na goti mwaka ule wa kwanza.

Baada ya hapo kila kitu kilibadilika. Bluder alistaafu Mei 2024 na msaidizi wake wa miaka mingi, Jan Jensen, akachukua nafasi. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, Clark alichaguliwa wa kwanza na timu ya Indiana Fever, na Sheldon wa tano na Dallas Wings. Vyuo vya UCLA, USC, Oregon na Washington vikajiunga, Big Ten ikawa na timu 18, na kwa michezo ile ile 18 kila timu sasa ilikutana na mpinzani mmoja tu mara mbili, hali iliyofanya orodha za wapinzani zifanane zaidi kuliko ilivyokuwa wakati wa timu 14. Mpinzani wa USC wa mara mbili alikuwa jirani yake, UCLA. USC ilishinda zote mbili na kuongoza msimamo kwa 17-1, ikipoteza tu Iowa City, tarehe 2 Februari 2025, siku ambayo jezi namba 22 ya Clark ilistaafishwa. JuJu Watkins wa USC akatajwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Tarehe 9 Machi, katika fainali ya mtoano mjini Indianapolis, UCLA ikaifunga USC 72-67.